Mheshimiwa, Mpe na Yeye Kipaza Sauti

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUKUSHUKURU, NA KUKUSUMBUA KIDOGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikuamkie: shikamoo, Mheshimiwa. Kwa umri ningeweza kukuzaa, lakini cheo nacho kina mvi zake, na mimi karani mstaafu wa masjala ni nani hata nisubiri kuamkiwa na msafara wenye ving'ora? Uniwie radhi pia kwamba barua hii haina kumbukumbu namba. Enzi zetu barua isiyo na namba ilirudishwa ilikotoka. Sasa sina ofisi, sina muhuri, nimebaki na kalamu na muda mwingi. Mkoa wako sitautaja. Waheshimiwa wa aina yako ni wengi, Mungu awazidishie, na yeyote atakayejiona humu ajue nimemwamkia yeye.

Nakuandikia kukushukuru kwa ule mkutano wa kusikiliza kero uliotufanyia kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilikuwa nyuma, chini ya mwembe, pamoja na wazee wenzangu ambao siku hizi kazi yetu ni kuhudhuria. Mama mmoja alisimama, mtoto mgongoni, akasema amekwenda kituo cha afya mara mbili na mara zote ameandikiwa dawa akanunue dukani. Ukauliza mganga mfawidhi yuko wapi. Akasimama dada wa makamo, mwembamba, mkononi ana bahasha ya kaki.

“Dawa za wananchi zimekwenda wapi?”

“Mheshimiwa, tuliagiza Bohari ya Dawa, lakini…”

“Sitaki lakini! Wananchi, mnataka lakini?”

Tukaitikia kwa pamoja kwamba hatutaki. Ukamgeukia Mkurugenzi wa Halmashauri, ukasema kuanzia dakika ile yule dada si mfawidhi tena na kesho usimkute. Ukamgeukia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ukasema aondoke naye. Vigelegele vilivyopigwa hapo, Mheshimiwa, harusi nyingi hazijavipata. Mzee wa jirani yangu alirusha kofia juu na mpaka leo hajaipata. Kabla ya magharibi video ilikuwa imefika kwenye simu ya mjukuu wangu, imewekewa na muziki.

Kwa unyenyekevu mkubwa nakiri kwamba macho yangu yalikuwa kwenye ile bahasha. Ni ugonjwa wa kazi. Mtu aliyekaa na majalada maisha yake yote akiona karatasi imeletwa mkutanoni hutaka kujua imeandikwa nini. Huenda zilikuwa nakala za fomu za kuagiza dawa, na jibu kwamba ghalani hazipo. Huenda ni barua ya kuikumbusha halmashauri kwamba fedha za dawa hazijaingia kwenye akaunti ya kituo. Huenda hamkuwa na kitu cha maana, na dawa kweli zimepitia mlango wa nyuma zikaishia kwenye duka la shemeji. Hayo ni makosa matatu ya watu watatu tofauti, na mwenye la pili alikuwa meza kuu, hatua chache kutoka ulipo, anakupigia makofi.

Hapo ndipo ninapopata ujasiri wa kukusumbua. Haki ya kusikilizwa huwa inatajwa kana kwamba ni adabu tunayomfanyia mtuhumiwa, mithili ya kumkaribisha mgeni kiti. Mimi naiona kwanza kama faida yako wewe. Yule dada alikuwa mtu pekee uwanjani aliyejua dawa ziliishia wapi, awe mwizi au mwadilifu. Ulipomkata kauli ulijinyima habari uliyosafiri kilomita zote zile kuifuata, ukarudi mjini na makofi. Mama naye alirudi nyumbani na mtoto wake, na dirisha la dawa lilikuwa vilevile.

Kuhusu sheria yenyewe sitathubutu kukufundisha. Nayaandika haya kwa ajili ya wasomaji wengine ambao hawakubahatika kuapishwa kuilinda Katiba. Ibara ya 13(6)(a) inasema mtu ambaye haki na wajibu wake unaamuliwa na mahakama au chombo kinginecho kinachohusika anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu, na anastahili kukata rufaa. Neno ni “chombo kinginecho kinachohusika”, kwa hiyo hata jukwaa la mbao lililofunikwa kitambaa cha bendera limo. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ilishasema kwamba hapa Tanzania kanuni za haki ya asili zimevuka hatua ya kuwa urithi wa sheria za Kiingereza na kuwa haki ya kikatiba. Na kabla ya hapo, katika kesi ya James Gwagilo, mtumishi aliyestaafishwa “kwa manufaa ya umma” bila kuambiwa sababu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliona kwamba kutaja manufaa ya umma hakutoshi. Lazima sababu zitolewe ili ziweze kupimwa. Hiyo ni miaka ya mwanzo ya 1990, Mheshimiwa, wakati wewe huenda ulikuwa unajifunza kufunga kamba za viatu. Nasema hivyo kwa heshima zote.

Sasa tuchukulie jambo unaloliamini wewe: kwamba yule dada ni mwizi. Ninaomba tulichukulie hivyo kwa dhati, maana hapo ndipo shukrani zangu zinapogeuka kuwa mashaka.

Mtumishi wa umma ana njia yake ya kuadhibiwa, na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 pamoja na kanuni zake imeieleza. Mamlaka yake ya nidhamu inamwandikia hati ya mashtaka. Anapewa nafasi ya kujibu kwa maandishi. Inaundwa kamati ya uchunguzi isiyokuwa na upande, anaitwa, anahojiwa, analeta mashahidi. Ikibidi akae pembeni, anasimamishwa kupisha uchunguzi, maneno ambayo kila mtumishi anayajua na kuyaogopa. Asiporidhika na adhabu anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na juu ya Tume yupo Rais. Mkuu wa Mkoa, pamoja na ukubwa wako wote, humo sikukuona. Mwenye kumwadhibu mtumishi wa halmashauri yuko halmashauri.

Kwa hiyo baada ya msafara wako kuondoka, kazi inahamia kwetu masjala. Nimeshuhudia, katika ofisi nisiyoitaja, jalada lililofunguliwa Jumatatu kwa kosa lililokwisha kuhukumiwa Ijumaa. Folio ya kwanza ni barua ya kumwondoa mtu kazini. Folio ya pili ni tuhuma. Ya tatu ni barua ya kuunda kamati ichunguze kama tuhuma ni za kweli. Lilisomeka kinyumenyume. Mkurugenzi alipoletewa dokezo asaini, alitazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akasaini, maana na yeye ana watoto wanaosoma. Na wajumbe wa kamati ile, ambao wote walikuwa wameiona video, wangewezaje kurudi na taarifa kwamba Mheshimiwa alikosea?

Jalada la namna hiyo likifika kwenye rufaa halina miguu. Aliyetoa uamuzi hakuwa na mamlaka nao. Mwenye mamlaka hakuamua kwa akili yake, aliamriwa. Mtuhumiwa hakusikilizwa, na alipokuja kusikilizwa hukumu ilikuwa imeshatangazwa kwa vipaza sauti vinne. Wakili wake hahitaji hata kuhangaika na ushahidi. Ataomba kielelezo kimoja tu kipokelewe, ile video iliyorekodiwa na kitengo chako mwenyewe cha habari, yenye muziki. Swali la dawa zilikwenda wapi halitafikiwa. Yule dada, ambaye tumekubaliana ni mwizi, atarudishwa kazini na kulipwa mishahara yake ya nyuma, na malipo hayo yatatoka kwenye mapato ya halmashauri, yaani ushuru wa mazao na wa gulio, ambao huyo mama mwenye mtoto anauchangia kila anapouza mafungu yake ya nyanya. Siku ya kulipwa hakutakuwa na mkutano wala vigelegele. Atapangiwa kituo wilaya nyingine, na wananchi wa huko watampokea kwa ngoma.

Ndiyo maana nasema, Mheshimiwa, na unisamehe kama nimevuka mpaka, kwamba sijaona wakili mtetezi wa wabadhirifu anayefanya kazi nzuri kukuzidi wewe. Na hutozi hata senti.

Wapo watakaosema mzee huyu anatetea urasimu, hajui nchi hii imejengwa na viongozi wa kuchukua hatua. Nawajua hao viongozi, nimewahudumia. Nilipanga foleni ya sabuni na sukari kama kila mtu mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na furaha niliyoiona mitaani siku zile ilizidi ya uwanja wako. Watu walikuwa wanatupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu. Lakini kamatakamata ilianza kwanza, sheria ikafuata, ikarudishwa nyuma ili ihalalishe kilichokwisha kufanyika. Sheria hiyo iliunda mahakama yake maalumu, ikawazuia mawakili, ikazuia dhamana. Usafi wa mikono ya Sokoine hatuujadili hata leo. Pamoja na hivyo, mwaka uliofuata Serikali yenyewe iliifuta sheria ile na kuleta nyingine iliyopeleka kesi hizo Mahakama Kuu, na mawakili wakarudi. Mwaka huohuo wa 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba. Serikali ya chama kimoja, isiyokuwa na mpinzani wa kuisumbua, iliona yenyewe kwamba njia ya mkato imeifikisha mahali isipopataka.

Au tuchukue karibu zaidi. Hayati Rais Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015, na siku chache baadaye alikuwa Muhimbili, akakuta mashine za vipimo zimelala na wagonjwa wako chini. Bodi ikavunjwa, uongozi ukabadilishwa, na mashine zikatengenezwa kwa haraka iliyotushangaza. Kutumbua majipu kukawa wimbo wa taifa wa pili. Siwezi kukudanganya kwamba hakukuwa na majipu. Mashine iliyosimama miezi ikafufuka ndani ya siku chache inatosha kueleza kwa nini watu walimpenda.

Lakini masjala tunakumbuka na yaliyofuata. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ilikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na amri ikawa waondoke mara moja. Wengi wao bila shaka walistahili. Ila kati ya waliokata rufaa walikuwamo ambao vyeti vyao vilikutwa ni halali, wakarudishwa, baada ya majina yao kuwa yamekwisha kusomwa na shemeji, mwenye nyumba na mchungaji. Watumishi wa darasa la saba nao waliondolewa, na mwaka 2018 Serikali ikaamua waliokuwa wameajiriwa kabla ya Mei 2004 warejeshwe na kulipwa. Ilipofika 2022 Serikali ikakubali hata wale wa vyeti feki warudishiwe michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Ukiyatazama hayo yote kwa pamoja, Mheshimiwa, unaona kazi iliyotakiwa kufanywa kabla, yaani kumwita mtu, kumwonyesha tuhuma na kuangalia karatasi zake, ilifanywa vilevile. Ilifanywa baadaye, kwa gharama kubwa, kwa watu waliokwisha kuuza viwanja vyao.

Tena wanaoumia si watumishi peke yao, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote, maana watumishi wana kanuni na rufaa zao. Mwananchi wa kawaida ana nini?

Mkumbuke machinga. Desemba 2018 wajasiriamali wadogo walitangaziwa vitambulisho vya shilingi 20,000. Vilikabidhiwa kwa wakuu wa mikoa, pengine na ofisi yako, vikauzwa mpaka vijijini. Mwenye kitambulisho asisumbuliwe, asifukuzwe, mgambo wasimguse. Vijana walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu waliwajua mgambo. Nina mpwa wangu aliyekinunua, akakilaminisha, akakining'iniza juu ya meza yake ya viatu kandokando ya barabara. Akakopa, akaongeza mzigo, akaoa. Mwishoni mwa 2021 likaja tamko jingine, nalo likiwa na sababu zake nzuri za usafi wa miji na barabara kupitika, na machinga wakaondolewa kandokando ya barabara Dar es Salaam na mijini kwingine. Wengine walipangiwa maeneo mapya. Mpwa wangu alipelekwa soko ambalo mteja wake wa kwanza alikuwa jirani wa meza ya pili, aliyekuja kuomba chenji.

Alinijia na kitambulisho chake akitaka nimwambie kina nguvu gani. Ilibidi nimwambie ukweli: nguvu yake ilitoka kwenye tamko, na mwenye tamko amebadilika. Sheria za utawala zinalijua dai la mtu kama yeye. Mtu aliyeahidiwa na mamlaka, akalipia ahadi hiyo, akajenga maisha juu yake, haondolewi hivihivi bila kuitwa na kusikilizwa. Lakini ili ulisimamishe dai hilo unahitaji karatasi inayosema uliahidiwa nini, na nani, kwa kifungu gani. Yeye alikuwa na kadi na kumbukumbu ya hotuba. Zile siku za furaha hakuna aliyedai iandikwe, maana kudai maandishi kwa mtu anayekupendelea huonekana ni utovu wa shukrani. Siasa za kupigiwa makofi zinamwacha mnyonge hivyo. Anapewa bila kufuata utaratibu, na siku ya kunyang'anywa anautafuta utaratibu haupo.

Nitakuwa mwongo, Mheshimiwa, nikisema umati unakushangilia kwa ujinga. Umati unakushangilia kwa sababu yetu sisi. Mama yule kabla ya kusimama mbele yako alishaambiwa “njoo Jumatatu” na watu wenye mamlaka zote za kisheria. Ni sisi tuliosema jalada halionekani na huku tumelikalia. Ni sisi tuliosema bosi yuko safarini. Akitaka kwenda mahakamani kuomba uamuzi wa ofisi fulani upitiwe, aombe kwanza kibali cha Mahakama Kuu, ndani ya miezi sita, na wakili wake yuko mjini, na nauli peke yake ni mtaji wa nyanya. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa huwezi hata kuishitaki Serikali bila Serikali hiyohiyo kukupa ruhusa. Ni Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, iliyoliondoa sharti hilo. Mlango ukafunguliwa, ila ngazi za kuufikia bado ni ndefu. Wewe unakuja uwanjani, unashuka kwenye gari, unauliza “nani ana kero?” Nani asingekupenda?

Na siasa za umma zikitaka, zinaweza kuileta sheria karibu badala ya kuisukuma pembeni. Februari 2021 Rais Magufuli alimpandisha cheo hadharani Jaji Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwezi huohuo sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kuhusu kupandisha jaji katikati ya sherehe wanasheria wana maneno yao, na mimi nawaachia. Lakini hukumu ambayo mama yule anaweza kusomewa na mwanawe wa darasa la sita ni zawadi ambayo mikutano mia ya kero haijampa.

Mwalimu Nyerere naye alikuwa na mikutano ya kero. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake katika Afrika, ilianza kazi mwaka 1966, na makamishna wake walizunguka mikoani kusikiliza malalamiko dhidi ya watumishi na viongozi. Haikuwa na meno ya kufuta uamuzi wowote. Taarifa zake zilikwenda kwa Rais. Lakini mlalamikaji akishasema, ofisi inayolalamikiwa iliandikiwa na kutakiwa kujibu, na jalada lake likaletwa. Mrithi wake, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yumo ndani ya Katiba mpaka leo. Jirani zetu Kenya wamekwenda mbele zaidi: Ibara ya 47 ya Katiba yao ya 2010, na sheria waliyoitungia mwaka 2015, inampa mtu anayeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria moja, inayomhusu kila mtu, ambayo sisi bado hatuna. Haijawaponya na matamko ya barabarani, maana wanasiasa wao nao wanapenda paa la gari. Ila siku ya pili mtu ana kifungu cha kushika anapokwenda kulipinga tamko hilo.

Ombi langu kwako si kubwa. Endelea na mikutano, tena uiongeze. Mama akishasema, mpe na yule dada kipaza sauti, dakika tatu, aifungue bahasha mbele ya watu. Nakuhakikishia umati utasikiliza. Mtanzania hapendi kitu kama kesi yenye pande mbili. Akibabaika, watu watamwona. Mkurugenzi akianza kukohoa, watu watamwona na yeye. Kisha mwagize Mkurugenzi afanye linalomhusu kisheria, kwa barua, na umpe tarehe. Siku hiyo rudi uwanjani kwetu uje utusomee matokeo. Nimehudhuria mikutano mingi ya kufukuza watu, Mheshimiwa, na sijawahi kualikwa kwenye mkutano mmoja wa marejeo.

Bado liko lile la OCD, ambalo kwa woga nimeliacha mwisho. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 kinakupa uwezo wa kuagiza mtu akamatwe, na najua kinapendwa sana. Kilitungwa kwa ajili ya anayeelekea kuvunja amani au aliyetenda kosa la jinai. Kuishiwa dawa kituoni hakumo, na kusema “lakini” hakumo. Kosa la kuandika barua ndefu kwa kiongozi pia nimelitafuta humo sijaliona, ila macho yangu ni ya kizee. Ikitokea umeona tofauti, nitakuwa nyumbani, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga, na sitamsumbua askari wako hata kidogo. Nitaomba mambo mawili tu: sababu za kunikamata ziwe zimeandikwa kwenye karatasi, na saa 48 za kunishikilia zihesabiwe tangu nitakapotoka mlangoni, kwa saa yangu, maana ya kituoni huwa haina betri.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Karani Mstaafu wa Masjala

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya – aione kabla ya kusaini.
Mganga Mfawidhi (aliyekuwa) – aihifadhi bahasha.
Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya Wilaya – kwa taarifa, endapo nitachelewa.